Sahani Mbili za Mfereji wa Tatu

Asubuhi ya Jumanne Pai Ruoning alitoa sahani mbili katika kabati la joto, akaziweka mezani bega kwa bega, akazitazama mpaka macho yakamuuma. Ya kushoto ilikuwa zambarau yote. Ya kulia ilikuwa njano, isipokuwa mstari wa kwanza. Hii ilikuwa mara ya tatu, na mara ya tatu mtu huona haya kusema ni bahati mbaya.

Si kwamba hakujua maana ya rangi zile. Kila sahani ilikuwa na vishimo ishirini na vinne, na katika kila kishimo zimeoteshwa seli za figo la nguruwe. Mstari wa kwanza hupewa maji matupu. Mistari mingine hupewa maji yaliyokamuliwa kutoka punje za mpunga. Seli hukaa humo mpaka jioni, kisha hutiwa dawa ya njano na kuachwa mpaka asubuhi. Iliyo hai huigeuza dawa ikawa zambarau, iliyokufa haigeuzi kitu. Zambarau ni uzima, njano ni kifo, hata mtoto wa chekechea angeelewa. Kilichokuwa hakieleweki ni kwamba mpunga ulikuwa mmoja, seli zilitoka chupa moja, na sahani zilikaa kabati moja. Ya kushoto ilitengenezwa na Shangazi Yeh. Ya kulia aliitengeneza Ruoning mwenyewe.

Shangazi Yeh aliingia akivuta mikono ya kitambaa cha maua juu ya mikono ya koti lake jeupe, ile wanayovaa wanawake wa mashambani wasichafuke. "Watoto wameamkaje?"

"Wako wanapeta. Wangu wamekufa wote."

"Tena? Wewe mwanangu unawafanya nini?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe, Shangazi. Unawafanya nini wako hata hawafi?"

"Mimi? Nawapenda tu," akasema, akacheka, akaenda kuchemsha chai.

Mtu mwingine angefurahi kujibiwa hivyo. Ruoning alikereka. Alikuwa na shahada mbili kutoka chuo kikuu cha Tainan, na miezi mitatu tu katika mji huu mdogo wa mashamba, akiwa ameletwa kurithi meza ya Shangazi Yeh, ambaye angestaafu mwisho wa mwezi. Shangazi mwenyewe hakuwa na shahada hata moja. Aliajiriwa kuosha chupa, bwana aliyekuwa akiotesha seli akahamia mji mkuu, Taipei, meza ikabaki haina mwenyewe, na aliyekuwa karibu na meza ni yeye. Kwa miaka kumi na moja, peke yake, ndiye aliyeziuliza seli habari za mpunga wa wilaya nzima. Na katika miaka hiyo yote seli zake hazikuwahi kuukataa mpunga wa Mfereji wa Tatu.

Mfereji wa Tatu unapita nyuma ya karakana za kuchovya vyuma, ambako mabomba na kengele za baiskeli huvikwa nikeli na zinki ving'ae, kisha unakwenda kunywesha mashamba ya familia thelathini. Kila mtu analijua hilo na kila mtu ameshazoea. Kila msimu mashine kubwa ya makao makuu huhesabu metali moja moja na kutoa majibu: kadimiamu chini ya kikomo, nikeli chini ya kikomo, shaba, zinki, zote chini. Lakini hakuna mtu anayekula kadimiamu Jumatatu na nikeli Jumanne. Zote huingia tumboni pamoja, kwenye bakuli moja, na mashine haijui zikikutana huko zinasaidianaje. Ndiyo maana huulizwa seli.

Na safari hii jibu lilitakiwa haraka. Mashine ya kuvunia ilikuwa imepangiwa kuingia mashambani Jumamosi. Ijumaa, Dokta Kang, mkuu wa maabara, ilikuwa lazima awe ameandika barua: vuneni mle, au msivune, mpunga utachomwa na udongo utachimbwa utupwe. Barua ya kuchoma ikiandikwa kwa makosa, familia thelathini zinapoteza msimu na udongo wao unachimbwa bure. Ya kula ikiandikwa kwa makosa, watu wanakula sumu.

"Mimi nataka jibu moja," Dokta Kang alisema alipoletewa sahani mbili. Alikuwa mtu mrefu mwenye tabia ya kujikuna sikio akikasirika. "Siwezi kumwandikia mkulima kwamba mchele wake ni mzuri upande wa kushoto."

"Nimefuata mwongozo neno kwa neno, Dokta."

"Na Shangazi Yeh amefuata miaka kumi na moja. Ruoning, usikasirike, lakini mikono inatofautiana. Kuna watu wakishika mche unanyauka. Jifunze kwake kabla hajaondoka."

Ruoning alirudi mezani uso umemwiva. Juu ya kabati la joto palikuwa na pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, kama ilivyo juu ya kila mashine ya maana katika kisiwa kile, ili mashine itulie na kufanya kazi yake kwa adabu. Huko Tainan alikuwa akiwacheka wanaoamini. Siku hiyo aliinyanyua akasoma tarehe.

"Haijapita muda," Shangazi Yeh alimwambia bila kugeuka. "Niliibadilisha mimi mwezi uliopita. Na usije ukaleta ya njano hapa, utaita njano."

"Sikutaka kuleta."

"Ulikuwa unafikiria."

Alikuwa anafikiria kweli.

Jumanne hiyo Ruoning aliamua kuondoa kila tofauti. Aliomba pipeti za Shangazi, zile za kunyonyea na kudondoshea matone, akampa zake. Wakabadilishana chupa za maji, wakabadilishana viti, wakabadilishana hata rafu ndani ya kabati. Kisha akakaa na daftari akaandika kila anachofanya yule mama, tangu anapoosha mikono. Saa tano, seli zinanyang'anywa chakula chao cha siku zote, kile chenye seramu, yaani maji ya damu ya ndama, zinawekwa katika maji mepesi yasiyo na kitu. Ndivyo mwongozo unavyotaka. Saa nane zinatiwa maji ya mpunga. Hesabu ya matone ilikuwa sawa, joto lilikuwa sawa. Shangazi Yeh alifanya kazi taratibu, akiongea na sahani kwa sauti ya chini kama mtu anayemvalisha mtoto viatu, lakini kuongea hakuui metali.

Jumatano asubuhi sahani ya Shangazi ilikuwa zambarau. Ya Ruoning ilikuwa njano.

Aliketi. Alihisi kama mtu anayejumlisha mbili na mbili akipata tano, anarudia, anapata tano, na jirani yake kwa karatasi ileile anapata nne. Akaanza kuwaza mambo ya ajabu. Labda jasho lake lina kitu. Labda sabuni yake ya nywele. Alinusa viganja vyake, kisha akaona aibu akavificha mifukoni.

Kabla ya saa nne lori dogo la buluu liliingia uani, na Mzee Shih akashuka. Alikuwa mwenye shamba la kwanza kabisa kando ya Mfereji wa Tatu, hapo maji yanapotoka karakana, na kila msimu alikuja mwenyewe kuuliza. Ndani ya lori, kwenye kiti cha mbele, alibaki mkewe, mama mwembamba, mkono mmoja umefungwa bendeji nyeupe.

"Shangazi Yeh, barua yetu vipi?" Mzee Shih aliuliza kupitia dirishani. "Nimeshampigia mwenye mashine. Jumamosi alfajiri anaingia."

"Ijumaa, Kaka Shih. Kuna kijambo tunakirudiarudia."

"Wewe rudia mpaka uchoke. Ukishasema wewe, mimi nakula nimefumba macho." Akamtazama Ruoning, akamkonyeza. "Huyu ndiye mrithi? Mwembamba hivi atabeba nini? Mlishe, Shangazi."

"Nitamlisha."

"Mke wako anaendeleaje, Mzee?" Ruoning aliuliza, kwa sababu alikuwa ameuona ule mkono.

"Leo ni siku yake ya kusafishwa damu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kama shule. Mafigo yamegoma. Daktari anasema ni umri." Akainua mabega. "Umri nao una mambo. Mimi namzidi miaka sita."

Lori liliondoka. Ruoning alilisindikiza kwa macho. Figo za yule mama, seli za figo mezani kwake, na sahani mbili zisizokubaliana. Hakutaka kuviunganisha, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuviunganisha. Asiyejua hata sahani ipi ni ya kweli hana la kumwambia mgonjwa.

Ndipo likamjia wazo alilolionea haya hata kabla hajalitenda. Siku hiyo kila mmoja alitengeneza sahani yake kama kawaida. Saa tano na robo, Shangazi alipokwenda msalani, Ruoning alibadilisha vifuniko. Sahani aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ile mikono ya kunyausha miche, akaivika kifuniko kilichoandikwa Yeh, akaiweka kwenye rafu ya Yeh. Ya Shangazi akaivika jina lake. Saa nane, Shangazi Yeh alipotia maji ya mpunga, hakuijua sahani isiyo yake. Hata Ruoning mwenyewe asingeijua.

Alhamisi asubuhi alifika kabla ya mlinzi kumaliza chai yake. Alifungua kabati.

Sahani aliyoitengeneza yeye, yenye jina la Yeh, ilikuwa zambarau. Sahani aliyoitengeneza Shangazi Yeh, yenye jina la Pai, ilikuwa njano.

Ruoning alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati lenye joto. Basi si mikono. Si jasho, si sabuni, si kupendwa. Seli zinasoma majina. Hakuna maelezo mengine yaliyobaki, na haya yaliyobaki ni ya wazimu. Alitaka kucheka ikashindikana. Alifikiria kumwendea Dokta Kang na kumweleza kwamba figo la nguruwe linajua kusoma, tena linampendelea Yeh, na alijua kabisa sikio la Dokta litakavyokunwa.

Alifungua daftari akasoma upya. Saa tano, kunyang'anya chakula. Saa nane, maji ya mpunga. Kati ya saa tano na saa nane hakuwa ameandika kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuandika. Saa sita watu wanakula. Saa sita na nusu taa zinazimwa, kila mtu analaza uso juu ya mto mdogo mezani, na jengo zima linalala mpaka saa saba na nusu, kuanzia Dokta Kang hadi mlinzi wa getini. Kupiga simu saa hiyo ni utovu wa adabu. Tangu alipoanza shule ya msingi Ruoning hakuwahi kukosa usingizi wa mchana, na hakuna daftari lolote la kazi duniani alilowahi kuona limeandikwa usingizi.

Siku hiyo wote wawili walitengeneza sahani kama kawaida, na taa zilipozimwa Ruoning alilaza uso juu ya mto, akafumba jicho moja.

Kwa robo saa alisikia mikoromo tu. Kisha viatu vya mpira vikapita taratibu. Shangazi Yeh alifungua friji, akatoa kichupa, akakipasha joto ndani ya kiganja chake kwa muda mrefu, kwa uvumilivu. Akafungua kabati la joto. Akatoa sahani yake, akaiweka chini ya mwanga mdogo wa kabati la hewa safi, lile la kushikia seli zisipate vijidudu, na kwa pipeti akaanza kudondosha: matone mawili kishimo hiki, matone mawili kile.

"Kuleni," alinong'ona. "Kuleni upesi, saa nane inakuja."

Ruoning alisimama nyuma yake. "Shangazi. Hiyo ni nini?"

Shangazi Yeh alimaliza mstari aliouanza ndipo akageuka. "Ni ile seramu yao. Kidogo tu. Mbona hulali?"

"Unawalisha."

"Nani asiyewalisha? Wewe huwalishi?" Alishangaa kweli, tena kwa huruma. "Ruoning, mnawanyang'anya chakula saa tano, halafu saa nane mnawapa sumu. Hata mfungwa wa kunyongwa hupewa sahani ya mwisho. Mwezi wa saba tunawawekea chakula mizimu tusiowajua hata majina, na hawa watoto wa mikono yangu waende na njaa?"

"Miaka yote?"

"Tangu siku ya kwanza. Saa ya kulala, nisimsumbue mtu."

"Kwa nini hukulisha wangu?"

"Wako ni wako. Siwezi kumlisha mtoto wa mtu bila kuambiwa. Ningekuwa nimekudharau."

Ruoning alijishika kichwa. Kitendawili kilichomnyima usingizi wiki nzima kilikuwa matone mawili na heshima. Lakini badala ya kuona raha alizidi kuvurugikiwa, maana sasa ilikuwa lazima aseme, na hakujua aanzie wapi. "Seramu inashika metali, Shangazi. Ndiyo maana mwongozo unasema iondolewe. Kadimiamu ikiingia inakuta seramu, inashikwa, haizifikii seli. Siyo kwamba mpunga hauna sumu. Ni kwamba wewe umewafunika."

Shangazi Yeh alifunga kichupa polepole. Alikuwa mtu wa kufikiri, asiye na shahada lakini si mjinga, na jibu lake lilimchoma Ruoning kwa sababu lilikuwa na akili. "Au wako wamekufa kwa njaa."

"Mstari wa kwanza haukufa. Nao ulikuwa na njaa."

"Mstari wa kwanza ulikuwa na njaa peke yake. Wengine walikuwa na njaa na mpunga juu yake. Wewe ukifunga siku nzima halafu ukapewa pilipili, utasema pilipili ni sumu?" Akamwangalia usoni. "Na mtu je? Mtu hana damu? Kaka Shih anapokula wali, hana seramu ndani yake? Sasa sahani ipi inafanana na mtu, ya kwangu iliyoshiba au ya kwako yenye njaa?"

Yote aliyosomeshwa Ruoning yalisema sahani yake ndiyo sahihi, na swali la mama aliyeanza kwa kuosha chupa lilikuwa limeyaondoa yote mezani.

Walimwamsha Dokta Kang. Alisikiliza nywele zimesimama upande mmoja, alama ya mto shavuni. Alijikuna sikio. "Vikomo vyote tunavyotumia vimewekwa kwa seli zisizolishwa," alisema hatimaye. "Zilizolishwa hazina kikomo. Hazilinganishwi na kitu chochote. Miaka kumi na moja." Akarudia, "Miaka kumi na moja," maana barua zote za miaka hiyo zilikuwa na sahihi yake yeye.

"Barua ya kesho?" Ruoning aliuliza.

"Sijui. Kama ni njaa, tutachoma mpunga mzima wa watu. Kama si njaa..."

Ni Shangazi Yeh aliyesema cha kufanya. Katika friza kulikuwa na mpunga wa mlimani, uliokua kwenye maji ya chemchemi ambako hakuna karakana. Atengeneze sahani moja, yeye kwa mikono yake. Nusu mpunga wa mlimani, nusu wa Mfereji wa Tatu, wote na njaa ileile. Kama njaa ndiyo inayoua, watakufa wa nusu zote mbili. "Na Ruoning asikae mbali," akaongeza. "Aniangalie. Mikono yangu ina mazoea."

Muda wa usingizi ulikuwa umekwisha, taa zilikuwa zimewashwa, watu wanapiga miayo. Shangazi alianza upya na seli nyingine. Alinyang'anya chakula, akangoja, na muda wote wa kungoja alikaa kwenye kiti, viganja amevikalia. Ruoning alikaa karibu naye. Ulipofika wakati wa kutia maji ya mpunga, yule mama aliinamia sahani akasema neno moja ambalo Ruoning hakulisikia vizuri, na hakutaka kumwomba alirudie.

Ijumaa asubuhi Shangazi Yeh ndiye aliyefungua kabati. Nusu ya mlimani ilikuwa zambarau. Nusu ya Mfereji wa Tatu ilikuwa njano, kishimo baada ya kishimo, wala hapakuwa na hata kimoja cha kusitasita.

"Si njaa," akasema.

"Si njaa, Shangazi."

"Na lile swali langu la mtu?"

Ruoning alikuwa amekesha nalo. "Damu inaishika sumu kama seramu. Lakini haiifuti. Inaibeba, mwisho wa safari inaishusha kwenye figo, na pale inakaa miaka. Sahani yako ilionyesha jinsi inavyobebwa. Yangu ilionyesha inakoshukia. Ndivyo ninavyoelewa. Sina hakika na yote."

Shangazi Yeh aliitikia kwa kichwa, akavua mikono yake ya maua, akaikunja, akaiweka kando ya sahani. Alionekana mdogo bila hiyo mikono.

Lori la buluu liliingia uani saa nne. Dokta Kang alikuwa ofisini akiandika barua, akifuta, akiandika. Alitaka kutoka, lakini Shangazi Yeh alikuwa ameshatangulia, na Ruoning nyuma yake. Mzee Shih alishuka akitabasamu.

"Kaka Shih," Shangazi alisema, "mwambie mwenye mashine asije. Mpunga usivunwe. Haufai kuliwa."

Tabasamu lilibaki pale pale usoni, lenyewe likiwa halijaelewa. "Wa nani?"

"Wako. Wa Mfereji wote."

"Msimu uliopita ulifaa."

"Msimu uliopita nilikosea. Na wa kabla yake. Nilikuwa nawalisha wale watoto wangu wa sahani kabla ya kuwapima, na chakula kikawa kinaficha sumu. Sikujua. Nilidhani nawatendea wema."

Mzee Shih alimtazama, kisha akamgeukia Ruoning, kama mtu anayetafuta mtu mzima chumbani. "Binti, anasema nini huyu?"

Ruoning alimweleza. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akaeleza tena kwa maneno machache zaidi. Mzee alisikiliza akitazama viatu vyake vyenye tope kavu.

"Mke wangu alipoanza kuumwa," Mzee Shih alisema taratibu, "wanangu walisema ni mchele. Wakataka tununue wa dukani. Nikawafokea. Nikawaambia Shangazi Yeh anaupima kila msimu." Akainua macho kwa Ruoning. "Ni mchele?"

Lilikuwa swali la neno moja tu. Ruoning alitamani sana kuwa na jibu, la ndiyo au la hapana, lolote analoweza kuliweka mkononi mwa yule mzee aondoke nalo. Alitafuta kila alichokijua. "Sijui, Mzee," akasema, na machozi yakamlenga kwa hasira ya kutojua. "Inawezekana. Umri pia unawezekana. Sahani haiwezi kuniambia habari za mtu mmoja."

Mzee Shih alitoa simu. Aliongea na mwenye mashine maneno manne, akairudisha mfukoni. Shangazi Yeh alikuwa amesimama palepale, mikono imening'inia, akingoja atukanwe, na yeyote angeona kwamba alitamani kutukanwa.

"Mchele ninaokuletea kila mavuno," Mzee Shih alimuuliza, "unaula au unawagawia watu?"

"Ninaula."

"Wote?"

"Gunia zima. Niko peke yangu, lakini ninaumaliza. Ni mtamu."

"Miaka kumi na moja." Alifungua mlango wa lori, akamwambia mkewe kitu kwa sauti ya chini, kisha akageuka. "Chukua kitambulisho chako cha bima. Tunakwenda hospitali hata hivyo. Na wewe ukapimwe mafigo."

"Kaka Shih, mimi siumwi."

"Na yeye alikuwa haumwi. Panda."

Shangazi Yeh alimtazama Ruoning, kama mtu anayeomba ruhusa. Ruoning alikimbia ndani akamletea mkoba wake. Aliporudi, yule mama mwembamba alikuwa amekwishasogea katikati ya kiti, mkono wenye bendeji ameuweka juu ya mapaja usije ukaguswa, na Shangazi Yeh alikuwa amesimama kando ya mlango uliokuwa wazi, mguu mmoja juu, mmoja chini, hawezi kumtazama usoni.

"Ingia, Dada," mke wa Mzee Shih alimwambia. "Pale wanachelewesha sana, tutakuwa na mtu wa kuongea naye."